Grisi Nyekundu

Mlio ulianza nilipovuka spidi ya 50, kwenye lami ya kwenda Katoro, asubuhi moja baada ya mvua. Chini ya hapo gari lilikuwa limetulia kama siku zote. Lilipofika 55 kitu kikaanza kuvuma chini ya miguu yangu, kikapanda hadi kwenye usukani, na nilipofika 60 ngurumo ilikuwa kubwa kiasi kwamba utingo wangu alipotaka kusema jambo niliona midomo tu ikicheza. Waliowahi kupita Nyarugusu au Rwamagasa, kunakosagwa mawe ya dhahabu, watanielewa: ulikuwa mlio wa karasha lililoishiwa mawe, gololi zikigonga chuma kitupu. Nikiachia mafuta, unashuka na kuisha. Nikikanyaga tena, unarudi.

Nikasema kwa sauti: "Yule kijana ameniharibia gari."

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi tangu siku ile. Kinachonisumbua ni jinsi ilivyotoka ikiwa imekamilika. Sikuwa nimesimamisha gari, sikuwa nimeinama kutazama uvunguni, wala sikuwa nimemuuliza utingo kama naye anausikia mlio kutoka upande ninaousikia mimi. Kosa lilikuwa limeshapata mwenyewe kabla halijajulikana ni kosa gani.

Nina sababu ya kusema hivyo, au wakati ule niliamini ninayo. Siku mbili kabla, gari lilikuwa gereji kwa kijana mmoja hapa kwetu Kalangalala. Alifungua habu za mbele akasafisha beringi na kuzipaka grisi mpya, akabadilisha oili ya difu la nyuma. Nililipeleka likiwa halilii, nikalichukua, na safari ya kwanza ya mbali likalia. Nani angehitaji ushahidi mwingine? Kuna jambo nililolifanya mimi mwenyewe siku nne kabla ya kwenda gereji, ambalo nitalisema mahali pake. Sitalitanguliza, kwa sababu nataka kusimulia kama nilivyoishi siku zile, na siku zile nilikuwa silikumbuki kabisa.

Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu ya miaka ya 90, dizeli ya silinda 6, lita 4.2, yenye habu zile za kugeuzwa kwa mkono kwenye tairi za mbele. Ukitaka foo wili unashuka, unachuchumaa, unageuza kidude cha kulia na cha kushoto hadi kwenye LOCK, ndipo unarudi kuvuta gia ndogo. Ukimaliza tope unashuka tena, unarudisha FREE. Hapa Geita gari za namna hii tumezizoea kama tulivyozoea vumbi. Mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa 1966, mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000, na kokote wachimbaji wanakohamia, wakubwa kwa wadogo, Land Cruiser imetangulia au inafuata nyuma. Langu linabeba mbao za kuzuia kuta za maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, pampu za maji, magunia ya mahindi, na mara moja moja mgonjwa. Karibu kila mwanaume wa rika langu hapa mjini anaamini anazijua gari hizi kwa kuzisikia tu. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nadhani imani hiyo ndiyo iliyonifunga masikio.

Jioni ile nililirudisha gereji. Sikusalimia vizuri. Kijana aliniamkia, "Shikamoo, mzee," nikajibu marahaba ya haraka na kumpa ufunguo kwa namna ambayo waliokuwepo waliielewa. Hakubishana. Aliomba tutoke naye barabarani, akausikiliza mlio, akaniomba nisimame. Akashuka, akahakikisha habu zote mbili ziko FREE, akanieleza kwamba hapo propela ya mbele na difu la mbele havizunguki, na bado gari linalia. Kisha akaweka kiganja juu ya habu moja, akaenda ya pili, akaniomba na mimi niguse. Zilikuwa za uvuguvugu tu, zote sawasawa. Beringi iliyokazwa vibaya au iliyokosa grisi ingekuwa imewaka moto. Tuliporudi akapiga jeki tairi moja ya mbele, akaizungusha, akaishika juu na chini akaitikisa, akafanya vilevile kwa nyingine. Kimya, na hakuna mchezo wowote. Mwisho akalala uvunguni nyuma, akafungua nati ya difu, akaingiza kidole na kukitoa kikiwa na oili. Akaisugua kati ya vidole mbele ya macho yangu, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa tochi ya simu, kama mchimbaji anavyotazama karai akitafuta kinachong'aa. Hakikung'aa kitu. Hakukuwa na unga wa chuma.

"Mzee, kwa nilipopagusa mimi sioni tatizo," alisema. "Niachie kesho nitazame propela ya nyuma."

Sasa naona kwamba kijana yule, kwa muda usiozidi saa moja, alikuwa amenionyesha hatua kwa hatua mahali ambapo ugonjwa haupo, na akabakiza mahali pamoja ambapo huenda upo. Lakini mimi niliyasikia maneno yake kama maneno ya mtu anayejitoa. Kila alichothibitisha kilionekana kwangu kuwa ujanja. Mtu akishakuwa mshitakiwa moyoni mwako, hata ukweli wake unausikia kama utetezi, na utetezi tumezoea kuupunguza nusu. Nilichukua ufunguo nikaondoka.

Usiku uleule nilikaa kijiweni na wenzangu kwenye gahawa nikasimulia. Nilisimulia vizuri mno. Nilisema alichanganya oili, kwamba vijana wa siku hizi wanajifunza ufundi kwa kuharibu gari za watu. Mwenzetu mmoja akasema Land Cruiser ikivuma hivyo ni difu, hana shaka. Wengine wakaafiki. Tulikuwa wanaume sita na hakuna aliyekuwa ameusikia mlio wenyewe isipokuwa mimi, na bado tulipofika kikombe cha pili hukumu ilikuwa imepita.

Kesho yake nikaenda Mwanza kutafuta difu la mtumba. Zamani safari hiyo ilikuwa na kivuko katikati. Ungesubiri Busisi, pengine saa nzima, ukitazama maji na magugu. Tangu Juni 2025 daraja la J.P. Magufuli limefunguliwa, takribani km 3 juu ya ziwa, na mtu anavuka kwa dakika chache. Nalishukuru daraja kama kila mtu wa kanda hii anavyolishukuru. Ila nimejiuliza kama ule muda wa kusubiri kivuko usingenisaidia siku ile, maana nilifika dukani nikiwa na hasira ileile niliyotoka nayo nyumbani, haijapoa hata kidogo. Nikanunua difu. Fedha zake zilikuwa sehemu ya ada ya muhula. Mama watoto aliniuliza swali moja tu: "Una hakika?" Nikamjibu kwamba mambo ya magari aniachie mimi.

Fundi mwingine akalifunga. Nikaenda nalo barabara ya Katoro. Lilipofika 55, likaanza.

Sijui kama naweza kueleza nilichohisi. Haikuwa hasira tena. Ilikuwa kama kusimama kwenye chumba ulichoapa kwamba ndimo ulimoweka fedha, na umeshamfukuza mtu kwa ajili ya fedha hizo, halafu unafungua sanduku lingine. Hata hapo sikumfikiria kijana. Nilifikiria difu: labda nalo ni bovu, labda muuzaji kanidanganya. Nilikuwa tayari kumtuhumu mtu wa pili kuliko kumwachilia wa kwanza.

Mzee niliyempelekea gari mwishoni hana gereji ya kuonekana. Ana mwembe, benchi, na sanduku la spana za zamani; anafanya kazi polepole na huwa hapokei gari mbili kwa siku. Hakuligusa gari. Alinikalisha kwenye benchi akaanza kuniuliza.

Mlio unaanza spidi ngapi? Siku zote hapo hapo? Ukiwa 60 ukakanyaga klachi, gari likijiendea lenyewe, bado unalia? Nikasema unalia. Basi injini haimo, alisema. Ukienda 60 hiyohiyo kwa gia ya 4 badala ya 5, unabadilika? Nikasema haubadiliki. Basi unafuata mwendo wa tairi, haufuati injini. Ukipinda kulia, ukipinda kushoto? Uleule. Kwenye lami na kwenye vumbi? Uleule. Kila nilipojibu nilijisikia vibaya zaidi, kwa sababu majibu yote nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeendesha na mlio ule kwa zaidi ya wiki. Majibu yalikuwa yamekaa ndani yangu, na hakuna aliyeyahitaji, hata mimi mwenyewe.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Tuliweka mawe kwenye tairi, akalala uvunguni na chaki, akachora mstari mahali propela ya nyuma inapokutana na difu, na mwingine inapotoka kwenye gia ndogo, ili irudi vilevile ilivyokuwa. Akafungua nati nne huku na nne kule, akaitoa propela nzima akailaza pembeni juu ya gunia. Akaniambia nigeuze habu ziwe LOCK na nivute foo wili. Gari likawa linavutwa na tairi za mbele peke yake. Tukatoka nje kidogo ya mji kwenye njia ya vumbi iliyonyooka. 40. 50. 55. Nilishika usukani kwa nguvu nikingoja. 60.

Kimya. Nilisikia mnyororo wa mlango wa nyuma ukigongagonga bodi. Nilisikia upepo kwenye kioo kisichofunga vizuri. Nilimsikia mzee akipumua. Difu lile la Mwanza lilikuwa bado linazungushwa na tairi za nyuma, alinieleza, ingawa halina mzigo; kwa hiyo ukiniuliza mimi, alisema, nitaanza na hiyo iliyolala kwenye gunia.

Tuliporudi mwembeni alipiga magoti mbele ya propela. Krosi zote mbili, viungo vinavyoiruhusu propela kupinda, hazikuwa zimeanza kulegea. Akafuta tope kavu katikati, pale vipande viwili vinapoingiliana kwa meno ili propela iweze kurefuka na kufupika gari likipanda na kushuka kwenye mashimo. Akaweka ufito ulionyooka juu yake, akafumba jicho moja. "Tazama masikio yake," aliniambia. Kila mwisho wa propela una uma wenye masikio mawili yanayoshika krosi. Masikio ya upande mmoja yalikuwa yamelala sawa na ardhi. Ya upande wa pili yalikuwa yameinama, kama mtu aliyeinamisha kichwa kusikiliza. Mtu aliwahi kuichomoa katikati na kuirudisha akiwa amekosea meno kadhaa.

Baadaye nilisoma habari hii, nikakuta kwamba Robert Hooke wa Uingereza aliieleza tangu karne ya 17. Krosi moja inapozunguka huku imepinda haizungushi kwa usawa. Ndani ya mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kwa hiyo huwekwa ya pili, na ikipangwa vizuri inachelewa pale ya kwanza inapoharakisha, na difu linapokea mwendo uliotulia. Ikikosea mpangilio, badala ya kasoro moja kuifuta nyingine, zinajumlishana. Polepole husikii kitu. Ukiongeza mwendo, gari zima linatetemeka na kunguruma. Nimekaa na jambo hilo siku nyingi. Nimetamani kulihamishia kwa watu, kwa ndoa yangu hata, kwa namna mke wangu anavyochelewa pale ninapoharakisha. Sina hakika kama ni haki kuchukua habari za chuma na kuzipeleka huko.

Mzee akaingiza kidole kwenye yale meno, akakitoa kikiwa na grisi. Ilikuwa nyekundu.

Ndipo nikakumbuka. Siku nne kabla ya kwenda gereji, Jumapili, uani kwangu. Nilikuwa nimetoka Nyarugusu, gari limepita kwenye tope hadi kwenye mbao za bodi, na nilisikia kitu kikilia kwa kukauka wakati wa kuondoka. Nikasema hili si la kupeleka kwa fundi. Nilifungua propela, nikaichomoa katikati, nikaisafisha kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi kutoka kopo nililonunua dukani, nyekundu kama pilipili ya kusaga, nikairudisha. Sikupiga alama yoyote. Sikujua kwamba kuna alama. Nikanawa mikono nikiwa nimeridhika sana, na siku zilizofuata gari likazunguka mjini tu, kwenye spidi za mjini, ambako kosa langu lilikuwa halina sauti. Likaenda gereji likiwa tayari na ugonjwa. Grisi ya kijana yule ilikuwa ya kahawia. Niliiona kwa macho yangu akiipaka kwenye beringi.

Mzee aliuliza, bila kuninyooshea kidole, "Hii aliichomoa nani?"

Nikajibu: "Sijui, mzee. Labda mafundi."

Naandika haya kwa sababu ya maneno hayo, kuliko ya mlio. Kumtuhumu mtu kwa kutojua ni jambo moja, na naweza kujitafutia nafuu ndani yake. Lakini pale chini ya mwembe nilikuwa najua. Grisi ilikuwa inang'aa kwenye kidole cha mzee, na bado ulimi wangu ukaenda kwa yuleyule kijana, kwa njia uliyokwisha kuizoea. Mzee alifuta kidole kwenye gunia, akaichomoa propela, akazungusha kipande kimoja, akakagua kwa ufito, akakirudisha masikio yakitazamana. Akaifunga kwenye mistari yake ya chaki. Kazi haikuchukua hata nusu saa. Nilimlipa, akasema kwa Kisukuma, "Wabeja, ng'wanawane," yaani asante, mwanangu, nikaondoka na gari lililotulia hadi 80.

Usiku ule sikulala vizuri ndani ya nyumba tulivu. Asubuhi nilirudi mwembeni, nikaamkia, nikasema, "Mzee, propela niliichomoa mimi." Aliendelea kupanga spana zake. "Kopo lilikuwa nyuma ya siti," alisema. "Nililiona nilipotafuta kitambaa." Kisha akaniambia nilete lile difu la zamani, huenda akapata mteja wa kulinunua. Sijajua hadi leo kama ule ulikuwa upole au kama kwake jambo hilo halikuwa na uzito wowote.

Kwa kijana nilichelewa siku tatu. Nilimkuta amelala chini ya Noah ya mtu, miguu ikiwa nje. Nilichuchumaa nikaongea na miguu ile, kisha nikaona aibu, nikamwomba atoke. Alitoka, akasimama, mikono nyuma. Nikamweleza yote, pamoja na lile jibu la chini ya mwembe. Alisikiliza hadi mwisho. "Hamna shida, mzee," alisema. "Yameisha." Akarudi chini ya gari.

Yameisha. Nimelipima neno hilo kila upande. Sisi Waswahili tuna namna ya kusema yameisha pale ambapo mdogo hana nafasi ya kumwambia mkubwa kwamba hayajaisha. Umri wangu ulimfunga mdomo siku ya tuhuma, na huenda ulimfunga tena siku ya kuomba radhi. Ningependa anikasirikie kidogo. Sijui kama kutaka hivyo nako si kutaka anifanyie kazi nyingine ya bure.

Nilirudi pia kijiweni. Nilidhani ndiyo ingekuwa sehemu nyepesi. Wawili walicheka wakasema hayo ni ya kawaida. Mmoja alikuwa ameshamwambia shemeji yake asipeleke gari pale. Nikamwomba amwambie tena, akasema atamwambia. Mwingine alikuwa hakumbuki difu wala propela wala chochote nilichosimulia usiku ule; alikumbuka tu kwamba kuna kijana pale mtaani anaharibu gari. Habari ile ilikuwa imeshanitoka mikononi. Siwezi kuifuata kila ilikopita, Katoro, Bukoli, Nzera, kwa watu ambao hata hawajui kwamba chanzo chake ni mimi.

Siku hizi nikisikia mlio mpya nazima redio na kuendesha kwanza. Naandika spidi kwenye karatasi. Namuuliza utingo anasikia nini, na nimegundua anasikia vizuri kuliko mimi, kwa sababu ana umri wa miaka 22. Lakini mwezi uliopita fedha zilipungua kwenye droo ya nyumbani, na kabla sijavuta droo hadi mwisho jina la mtu lilikuwa limeshafika kinywani. Nililimeza. Fedha zilikuwa zimenaswa nyuma ya droo.

Kijana yupo palepale Kalangalala, anafungua saa moja asubuhi. Kama wewe ni mmoja wa waliosikia kwamba aliharibu Land Cruiser ya mtu, kwa kubadilisha oili vibaya au kwa kufunga habu vibaya, hakuharibu kitu. Niliiharibu mimi, Jumapili, uani kwangu. Tafadhali mwambie na yule uliyemwambia.